Ukuta Kwanza, Shimo Baadaye: Risala ya Wakazi Wanaopakana na Kiwanja cha Ujenzi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,
Waheshimiwa Madiwani,
Ndugu Mhandisi wa Halmashauri,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Mabibi na mabwana,

Tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kukubali kuja kutusikiliza hapa hapa mtaani. Sisi ni wakazi wa nyumba kumi na moja zinazozunguka kiwanja ambacho hadi mwaka jana kilikuwa na nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, na leo ni shimo. Hatupingi ghorofa. Dar es Salaam inakua, na mwenye kiwanja ni jirani tuliyezikana na kuozeshana naye. Tunacholalamikia ni mpangilio wa kazi: shimo limetangulia, na ukuta wa kulizuia bado unazungumzwa.

1. Kuhusu kingo za shimo. Shimo limefika mita sita, kwa ajili ya maegesho ya magari chini ya jengo, na kingo zake zimekatwa wima. Upande mmoja zimeegemezewa mabati ya kuezekea na mirunda, upande wa pili viroba vya mchanga. Ardhi yetu ni mchanga wa pwani. Kila aliyewahi kuchimba choo huku anajua jinsi unavyomwagika. Mita moja ya ujazo ya mchanga uliolowa inakaribia tani mbili. Tena kina kikiongezeka mara mbili, nguvu ya udongo unaosukuma ukuta huongezeka mara nne, kwa hiyo mirunda iliyotosha mita tatu haitoshi mita sita hata ikiwekwa maradufu.

Mheshimiwa, dawa ya jambo hili ni ya zamani. Mwaka 1902, katika mji wa Bremen nchini Ujerumani, mhandisi Tryggve Larssen alibuni vipande virefu vya chuma ambavyo mafundi huviita shiti paili. Ukingo wa kila kipande umekunjwa ili uingie katika ukingo wa mwenzake, kama vidole vya mikono miwili vilivyofumbatana. Vipande hivyo hushindiliwa ardhini kimoja baada ya kingine kabla ya uchimbaji kuanza, vikashuka kupita kina cha shimo, ili mguu wa ukuta ushikwe na udongo ambao hautaguswa. Shimo likiwa refu, ukuta huo huongezewa mihimili ya kuukingia kwa ndani au nanga za kuuvuta kwa nyuma. Mabati yaliyoegemezwa hapa hayana mguu wala nanga. Na vijana wanaochimba chini yake, wengine bila kofia ngumu, ni watoto wetu pia.

Ombi letu: Uchimbaji usimamishwe leo. Udongo urudishwe kwenye kingo zilizo karibu na nyumba ili ziegemee, na kazi iendelee tu baada ya ukuta wa kufumana, au mwingine wenye nguvu hiyo, kusimikwa kwa michoro iliyosainiwa na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Tunaomba pia Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi waje kukagua.

2. Kuhusu maji. Hili ndilo linalotunyima usingizi. Maji ya ardhini huku yako karibu, na pampu inayavuta mchana na usiku. Ukikinga ndoo kwenye mpira wa pampu na kuiacha itulie, chini unakuta mchanga wa kujaa kiganja. Mchanga huo unatoka chini ya nyumba zetu. Ngazi ya nyumba ya kwanza imeachana na kizingiti, karo la nyumba ya tatu limepasuka, na mama mmoja mjane anayekaanga maandazi barazani amehamisha jiko mara tatu kwa sababu sakafu inainama na mafuta yanakimbilia upande mmoja wa karai. Tulimshauri ahamie kwa mwanawe. Akatuuliza nani atalinda nyumba isiyofunga tena mlango. Maji yenyewe humwagwa kwenye mtaro wa mtaa, ambao sasa umejaa mchanga hadi ukingoni.

Ombi letu: Viungio vya ukuta utakaowekwa vizibwe, na mguu wake ushuke kiasi cha kuzuia maji yasipenye kwa chini kwa kasi na kubeba mchanga. Pampu iwekewe chujio. Mkandarasi auzibue mtaro aliouziba.

3. Kuhusu nyufa. Tunakiri kwamba ukuta tunaouomba una hofu yake: kipande cha chuma kikipigwa nyundo nzito, nyumba zilizokwisha kupasuka zitatikisika. Huko Kochi, Japani, kampuni ya Giken ilitengeneza mwaka 1975 mashine inayovishika vipande vilivyokwisha kuzama na kukikandamiza kinachofuata bila kukigonga. Kama mashine ya namna hiyo haipatikani, basi itumike njia yenye mtikiso mdogo kuliko zote, na mchana tu.

Ombi letu: Kabla ya kazi, kila nyumba ipigwe picha ndani na nje mbele ya mwenyewe, na kila ufa ubandikwe kipande cha kioo chenye tarehe; kioo kikivunjika, sote tutajua ufa unatembea. Gharama za kuziba nyufa zibebwe na mradi. Na siku vyuma vitakapong'olewa, mianya vitakayoiacha ijazwe, isije ikatuzamisha baada ya wageni kuondoka.

4. Kuhusu bango. Kiwanjani hakuna bango linalotaja mkandarasi, mhandisi mshauri wala kibali. Tumekwenda ofisi tatu. Kila moja ilitupokea vizuri na kutuelekeza kwa nyingine.

Ombi letu: Bango liwekwe, na tupewe mtu mmoja wa kumpigia simu, hata usiku.

5. Kuhusu mvua. Vuli imekaribia. Jiji hili limekwisha kuzika watu wake kwa majengo: tarehe 29 Machi 2013 ghorofa liliporomoka katikati ya mji na kuua watu 36, na tarehe 16 Novemba 2024 lingine likaanguka Kariakoo. Hatusemi chanzo ni kile kile. Tunasema tuliwaona waokoaji wakichimba kwa mikono.

Ombi letu: Familia za nyumba tatu zilizo ukingoni zilipiwe kodi mahali pengine hadi ukuta ukamilike, na shimo lizungushiwe tuta la kuzuia maji ya mvua kabla wingu la kwanza halijapasuka.

Mheshimiwa, tumevumilia tangu Juni, na tumekuja kwako kwa sababu uwezo wa kusimamisha kazi hii unao. Kabla hujaondoka, tunakuomba ufike nyumba ya pili, chumba cha nyuma, uutazame mwanga wa jua unaopita ukutani. Tafadhali, wewe na msafara wako mpitie mlango wa mbele. Ukingoni pasikanyagwe.

Tunaomba kuwasilisha.

Sisi, wakazi wa nyumba kumi na moja.