Ruta ikidanganywa saa, ushahidi wote unaenda na maji

STIMA zimepotea mtaani kisha zikarudi. Waifai imewaka, video zinacheza, hakuna anayelalamika. Lakini ebu ingia ndani ya ruta uangalie tarehe. Huenda ikakwambia leo ni Januari 1, 1970!

Ruta nyingi za bei nafuu hazina betri ya saa. Zikiwaka, zinauliza mtandaoni ni saa ngapi. Noma ni kwamba nyingi huamini jibu lolote bila kuhakikisha limetoka kwa nani.

Mfumo huo wa kuulizana saa unaitwa NTP. Ulibuniwa na Mmarekani David Mills na umetumika tangu 1985, enzi ambapo watu wa mtandaoni walikuwa wachache na waliaminiana. Enzi hiyo ilipita kitambo.

Novemba 19, 2012, seva mbili za saa za Jeshi la Majini la Marekani zilitangaza kuwa mwaka ni 2000. Hali hiyo haikufikisha saa moja, lakini ruta na mitambo ya simu iliyozitegemea ilivurugika. Hilo lilikuwa kosa tu. Februari 2014 ikawa makusudi: wahalifu walituma maswali madogo kwa seva za saa 4,529 wakijifanya ni mteja wa kampuni ya Cloudflare. Majibu makubwa yakamfurikia mteja huyo, karibu gigabiti 400 kwa sekunde.

Kwa kijana anayekula kwa kazi ya mitandao, hatari iko karibu zaidi. Tuseme pesa zimeibwa saa nane usiku, lakini ruta imeandika saa kumi jioni, wakati wa zamu yako. Utajitetea na nini?

Dawa si ghali. Ielekeze ruta kwa seva nne au zaidi, ili moja ikidanganya, nyingine ziiumbue. Weka ufunguo wa siri wa kuthibitisha anayejibu, au tumia NTS, kinga iliyoidhinishwa 2020, kama kifaa chako kinaikubali. Kisha zuia maswali ya watu wa nje kwenye mlango wa UDP 123.

Ni amri chache tu. Haziwekwi kwa sababu bosi huuliza kasi ya intaneti, haulizi saa. Basi ukikabidhiwa mtandao, anza na saa. Siku ya lawama, hiyo ndiyo shahidi wako.