Ganzi ya mgongo isibebeshwe lawama zote
Mwandishi wa makala ninayoijibu ameeleza vyema jipu la uti wa mgongo, yaani usaha unaojikusanya na kuubana uti huo, wakati mwingine baada ya sindano au upasuaji, lakini wachangiaji wa makala hiyo wanaowashauri wajawazito wa Mwanza waikatae ganzi ya mgongo wamevuka mpaka, kwa kuwa tatizo hilo ni nadra mno, na maumivu ya mgongo yasiyoisha Kanda ya Ziwa yana mtuhumiwa aliyezoeleka zaidi, kifua kikuu cha mifupa, ambacho hakingoji sindano. Sindano chafu ni jambo jingine: Marekani mwaka 2012, dawa ya mgongo iliyoingiwa na kuvu iliambukiza watu zaidi ya 750. Mzazi aliyepigwa ganzi akipata homa, mgongo ukauma na miguu ikalegea, asiishie kukandwa maji ya moto nyumbani. Awahishwe Hospitali ya Bugando siku hiyohiyo.