Akiba ya Moyo

Mkulima wa chai huko Keumbu, katika Kisii, aweza kukesha akihesabu karo za watoto na deni la dukani. Ikiwa ni Mwislamu, afanyeje?

Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alifundisha kwamba kama mtu awekavyo dawa nyumbani kabla ya kuugua, na aweke vivyo hivyo mawazo mema siku za raha, yapate kumfaa siku ya dhiki. Sala ndiyo ghala ya akiba hiyo: adhuhuri na alasiri mtu huacha jembe au kalamu, moyo ukatulia.

Kisha amwendee anayemdai, wapatane. Kutawakali si kuketi bure; Mtume aliagiza ngamia afungwe kwanza.