Ukuta Unaoota: Barua kutoka Nijmegen kwa Watu wa Rombo na Kitengela

Wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mnaolima kwenye mifereji ya Rombo na mnaojenga kandokando ya mto Kitengela,

Niko Nijmegen, mji wa Uholanzi ulio ukingoni mwa mto Waal. Ninawaandikia kuhusu nyasi. Kila masika yakipita na hasara yake, mazungumzo huwa ya ukuta: gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe), saruji, na nani alipe, kaunti au serikali kuu. Ndivyo ilivyokuwa pia baada ya Aprili na Mei 2024, mito ya Athi na Kitengela ilipovunja kingo na maji yakalala majumbani mwa watu. Mimi ninashikilia kwamba jasho la kwanza na shilingi ya kwanza viende kwenye nyasi za mizizi mirefu, na mawe yaje pale tu ambapo mzizi haufiki. Nyasi ni rahisi, ndiyo, lakini bei si hoja yangu. Hoja yangu ni namna ukingo unavyobomoka.

Wengi huamini kwamba ukingo huanguka maji yakiwa juu. Mara nyingi huanguka yakishuka. Mto ukijaa, maji hupenya udongoni na kuufanya mzito, lakini maji hayohayo ya mto huuegemeza ukingo kwa nje. Yakipungua ghafla, egemeo huondoka na uzito hubaki, ndipo pande zima la ardhi huporomoka, pengine siku ambayo watu wameshaanza kufagia tope na kushukuru. Udongo mweusi wa Kitengela unazidisha balaa, maana kiangazi hupasuka nyufa, na mvua ya kwanza huingia humo ikautenga ukingo na ardhi iliyo nyuma yake. Jiwe lililopangwa mbele halina la kufanya na ufa ulio nyuma. Mzizi hupita ndani kwa ndani na kuushona udongo. Vetiva, nyasi yenye asili ya India, huteremsha mizizi wima hadi mita 3 na zaidi penye udongo wenye kina. Mizizi hiyo imepimwa ikaonekana kuhimili mvuto wa wastani wa megapaskali 75 kabla ya kukatika, karibu sehemu ya sita ya nguvu ya chuma cha kawaida cha ujenzi. Juu ya ardhi, mashina yaliyobanana hupunguza kasi ya maji yanayoteremka, yakaacha tope nyuma ya mstari, na mstari ukapanda pamoja na tope. Ukuta gani wa saruji unakua?

Uholanzi ina fedha za kufunika kila ukingo kwa zege ikitaka. Hata hivyo kuta za udongo zinazoizuia mito yake mikubwa kwa sehemu kubwa zimevikwa nyasi, tena kondoo hulishwa juu yake kwa makusudi, kwa kuwa ulishaji wa kiasi hukaza zulia la mizizi. Wahandisi wa huku wameunda hata mtambo wa kumwaga maji juu ya kuta hizo, mfano wa mawimbi ya dhoruba, wapime nyasi zitavumilia kiasi gani. Lakini nisiwauzie nyasi kama hirizi. Mwaka 1995 watu wapatao robo milioni walihamishwa katika nchi hii kwa hofu kwamba kuta za mito zingepasuka pamoja na nyasi zake. Baadaye Waholanzi waliamua kuurudishia mto nafasi yake, na hapa ng'ambo ya Nijmegen, kijijini Lent, ukuta ulisogezwa nyuma mita 350, na nyumba kadhaa zikalazimika kupisha. Nyasi hushika ukingo wa mto ulioachiwa pa kupumulia. Kanuni za maji za Kenya za mwaka 2007 zilitaka ukanda wa kando ya mto usiopungua mita 6 na usiozidi 30, kufuatana na upana wa mto. Kule Kitengela, tangu ranchi ya jamii ilipogawanywa na mashamba yakakatwa ploti, ukanda huo umekuwa ua wa nyuma wa mtu. Hapo atakayepanda vetiva chini ya msingi wa nyumba yake anajidanganya, na heri nimwambie sasa.

Mfugaji ataniuliza: ng'ombe na mbuzi je? Swali hilo ndilo zito kuliko yote, kwa sababu vetiva changa huliwa, ingawa ikikomaa majani yake huwa magumu na makali na mifugo huyaacha ikiwa na chaguo jingine. Jibu lake mnalo nyumbani. Wamaasai wana olopololi, malisho yanayofungwa kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu, na anayeyaingilia hujibu mbele ya wazee. Ukanda wa mto ukitangazwa kuwa chini ya himaya ya namna hiyo kwa misimu miwili, pakaachwa njia chache za mifugo kushukia kunywa, kazi kubwa imekwisha. Wala si lazima ukanda wote uwe vetiva. Mistari yake isimame kwenye mteremko mkali. Juu yake, pasipo na hatari kubwa, iachiwe emurua na nyasi nyingine za kwetu ambazo zitakatwa kulisha ndama. Jirani za watu wa Rombo, wa ranchi ya Kuku, tayari wana mashamba ya nyasi yanayotunzwa na vikundi vya akina mama, wanaovuna mbegu na kuziuza. Na jamii inayong'oa nyasi na kuzishika mkononi kama ishara ya amani haihitaji mtu wa Ulaya kuifundisha thamani yake.

Wengine wataogopa mmea wa kigeni, na hofu hiyo ni halali kwa yeyote aliyeona mti wa mathenge ulivyovamia Baringo. Vetiva inayopandwa kwa kazi hii ni aina isiyotoa mbegu zinazoota wala kutambaa. Huenezwa kwa kugawa shina kwa mkono. Msinunue mbegu za mtu anayedai anauza mbegu za vetiva. Tena kukinga udongo kwa nyasi si ugeni kwetu: matuta ya Ukambani yenye kingo za nyasi yamesifiwa mbali sana, na neno fanya juu huandikwa hivyohivyo kwa Kiswahili katika vitabu vya wataalamu wa mataifa mengine. Pia kuna wanaosema gabioni ni imara zaidi. Chini kabisa, pale maji yanapochimba mguu wa ukingo, ni kweli, na hapo mawe yawekwe. Lakini malori yakiendelea kuchota mchanga na kushusha kitanda cha mto, mguu huo utaning'inia, na gabioni zitaanguka sambamba na nyasi. Hapo sina dawa ila kuwazuia wachotaji, jambo ambalo ni la ujasiri wa kisiasa kuliko wa kilimo.

Linabaki la ukame. Vetiva iliyoshika huvumilia kiangazi kirefu, lakini miezi ya mwanzo inataka maji. Ninyi wa Rombo mna mnachowazidi wa Kitengela: chemchemi za Kilimanjaro zinazotiririka hata mvua ikikosekana. Mita 100 za mstari mmoja, mashimo yakiachana sentimita 15, ni mashimo kama 670. Kila shimo likipewa machipukizi matatu, ni takriban 2,000. Kitalu kidogo pembeni mwa mfereji wa nyanya kinaweza kuyatoa, kwa sababu shina linalomwagiliwa hugawanywa tena na tena. Anzeni vitalu sasa, wa Kitengela wawe wanapima ukanda wao na kuelewana na wenye ploti, na mvua za Machi zikianza, malori yanayobeba nyanya na vitunguu kwenda Nairobi yaachiwe nafasi ya magunia machache ya machipukizi, yashushwe Kitengela asubuhi, yapandwe kabla jua halijawa kali.

Wenu,
wa Nijmegen