Acha Kucheza na Chawa Wako, Utabaki Hapo Hapo

Wadau, leo naomba niseme ukweli, na najua kuna watu watanuna.

Kuna staa mmoja hapa mjini, jina namhifadhia, anapenda drafti kupita maelezo. Kwake kuna ubao wa maana, kete za kuchongwa, na kila jioni anacheza na vijana wake. Anawafunga wote. Ukimsikia anavyojisifia utadhani Dar nzima hakuna wa kumgusa.

Juzi kati akapita kijiweni kwetu, akakaa na mzee mmoja fundi viatu. Ubao wa boksi, kete vizibo vya soda. Mechi tano, kafungwa tano! Ya mwisho mzee alimlisha kete moja, staa akaichukua kwa furaha, mzee akala tatu kwa mpigo na kuingia kingi. Jamaa akainuka, akasema jua lilikuwa linampiga machoni.

Nilicheka, ila moyoni nilijiona mwenyewe. Mwaka mzima nilikuwa na mteja wangu, jirani yangu. Natoka kazini, namfunga, nalala bingwa. Nilipohamia kwa yule mzee nilifungwa karibu miezi miwili mfululizo, soda nalipa mimi, na kijiwe kizima kinanizomea. Lakini huko ndiko nilikojifunza kutoziachia ovyo kete za nyuma, na kuhesabu kabla ya kula. Ukicheza na mnyonge, kosa lako linapita halafu unaliita ufundi. Mzee hakuachii hata moja.

Na hili si la kijiweni tu. Mmarekani Marion Tinsley, mwalimu wa hesabu, alikuwa bingwa wa dunia wa drafti ya Kiingereza, ile ambayo kingi hairuki mbali kama ya kwetu. Kwa zaidi ya miaka 40 alipoteza mechi zisizofika 10. Wapinzani walikuwa wanamwogopa, wanatafuta sare tu. Ikaja programu ya kompyuta kutoka Canada, Chinook, ikapata haki ya kumkabili. Wakubwa wa mchezo wakagoma. Tinsley alifanya nini? Aliachia taji lake ili acheze nayo! Mwaka 1992 pale London alishinda 4, akafungwa 2, sare 33. Mtu ambaye hakuwa na cha kuthibitisha kwa yeyote ndiye aliyemtafuta wa kumsumbua.

Sasa wapo watakaosema, ukifungwa kila siku utakata tamaa. Kweli kabisa, kama unafungwa na kuondoka. Mimi kila nikifungwa namwomba: "Mzee wangu, nirudishie pale nilipokosea." Anarudisha kete, ananionyesha. Bila hapo ningekuwa nalipa soda za bure.

Na jambo jingine: mwalimu usimfuate na kodi ya nyumba. Wale wa karata za pesa mnanielewa. Ukikaa na aliyekuzidi halafu mezani kuna hela usiyoweza kuikosa, hiyo siyo shule tena, ni sadaka. Weka soda, weka kitu ambacho kikienda utalala.

Narudi kwa staa wetu. Drafti ni dalili tu. Wale wale wanaomwachia afunge ndio wanaomwambia kila wimbo ni moto, na nyimbo zake tatu za mwisho zimepita kimya kama msafara wa sisimizi. Hana hata mtu mmoja pembeni wa kumla kete.

Kaka, kama unasoma hapa, mzee bado yupo pale pale chini ya mwembe. Ukija, miwani ya jua tutakuazima.

Haya mdau, na wewe mara ya mwisho kumtafuta aliyekuzidi ilikuwa lini? Tupia maoni yako hapo chini, matusi hapana.