Kujihami tu hakutatufikisha mbali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu uchezaji wa timu yetu ya taifa, Taifa Stars. Dukuduku hili si langu peke yangu. Ndilo linalosemwa na wapenzi wengi wa kandanda hapa Kasulu na kwa ndugu zetu wa Kibondo, kila zinapotajwa fainali za Mataifa ya Afrika zilizochezwa Ivory Coast Januari na Februari 2024.

Januari 17 mwaka huo tulifungwa na Moroko mabao 3-0 mjini San Pedro. Kufungwa na Moroko si aibu, maana wenzetu hao walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2022. Kilichotuuma ni kwamba muda mwingi vijana wetu walikuwa nyuma, wakiondosha hatari moja na kungoja nyingine, kama mtu anayezuia mvua kwa viganja.

Baada ya mchezo huo kocha Adel Amrouche alifungiwa michezo minane na Shirikisho la Afrika, CAF, kwa matamshi aliyoyatoa, na timu ikakabidhiwa Hemed Suleiman akisaidiwa na Juma Mgunda. Wengi tulidhani mambo yatabadilika. Januari 21 tulicheza na Zambia, na Simon Msuva akatupatia bao dakika ya 11. Dakika ya 44 Roderick Kabwe wa Zambia alitolewa kwa kadi nyekundu, wapinzani wakabaki 10. Mwenye bao mkononi na mchezaji mmoja zaidi anataka nini tena? Lakini badala ya kutafuta bao la pili tulirudi kulinda lile moja, na dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha. Walimu walibadilika, woga ukabaki.

Ndugu Mhariri, hasara ya sare ile ni kubwa kuliko inavyoonekana. Siku tatu baadaye tulitoka 0-0 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tukarudi nyumbani na pointi 2 na bao 1 katika michezo mitatu. Kongo walivuka wakiwa na pointi 3 tu, wakaendelea mpaka nusu fainali. Kama tungeifunga Zambia tungekuwa na pointi 4, na nafasi ile ya pili ingekuwa yetu.

Najua wako watakaonijibu kwamba kujihami ndiko kulikotupeleka huko Ivory Coast. Ni kweli. Septemba 7, 2023 tulikwenda Annaba, tukawazuia Aljeria kwao 0-0, tukafuzu. Siku ile mimi nilishangilia kama wengine. Wahenga nao walisema, kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Lakini Annaba tulihitaji sare, na sare tukaipata. Mbele ya watu 10 wa Zambia tulihitaji ushindi. Dawa ya ugonjwa mmoja haiponyi magonjwa yote, na safari hii kilio kilikwenda kwa mwoga.

Ushahidi ulikuja katika fainali za 2025 huko Moroko, chini ya kocha Miguel Gamondi. Tulifungwa na Nigeria 2-1, tukatoka 1-1 na Uganda na 1-1 na Tunisia. Pointi zilikuwa 2, zilezile za Ivory Coast. Mara hii tukavuka kwenda hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Angola nao walikuwa na pointi 2 na tofauti ya mabao ileile, ila wao walifunga 2 na sisi 3. Bao moja hilo ndilo lililotuvusha. Januari 4, 2026 wenyeji Moroko walitutoa kwa bao 1-0. Tulifungwa, lakini binafsi nililala bila kinyongo.

Hata hivyo tusijidanganye. Tangu Lagos mwaka 1980 hadi fainali hizo za 2025 tumecheza michezo 13 ya fainali za Afrika bila kushinda hata mmoja.

Woga huu hauanzii kwa kocha wa taifa. Unaanzia huku kwetu. Pita katika viwanja vya shule kutoka Makere hadi Kifura wakati wa michezo ya UMITASHUMTA, au nenda kwenye mashindano ya kugombea mbuzi. Mtoto mwenye kipaji akitaka kumpiga chenga adui, kelele zinatoka pembeni: “Butua! Butua!” Akipokonywa mara moja anatolewa. Bao la kwanza likipatikana, hata mshambuliaji anaamriwa arudi kukaba. Simlaumu sana mwalimu, kwa sababu akipoteza mchezo mmoja safari yake imekwisha na kijiji kizima kinamcheka. Lakini mtoto aliyelelewa hivyo atajifunza lini kushambulia? Siku atakapovaa jezi ya taifa?

Kwa hiyo nawaomba wahusika mambo matatu. Kwanza, TFF na vyama vya mkoa na wilaya wafikishe mafunzo ya ualimu wa soka mpaka huku Kasulu na Kibondo, na mafunzo hayo yasikomee kwenye kupanga ukuta. Pili, michezo ya watoto ichezwe kwa mtindo wa ligi, ili mwalimu asiogope kufungwa mara moja. Tatu, Taifa Stars ikipata bao iendelee kutafuta la pili.

Septemba 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kwa pamoja uenyeji wa fainali za 2027. Mgeni anaweza kusifiwa kwa sare ya 0-0. Mwenyeji aliyewaita watu uwanjani kwake anadaiwa mabao.

Mpenzi wa Kandanda,
Kasulu, Kigoma.