Matusi ya Jumla Hayana Faini

Mtoa mafunzo mmoja aliyekuja kwenye kituo chetu cha vijana hapa Nyarugusu alituambia kwamba dawa ya mtu kama Katie Hopkins ni kumpuuza. Alisema mtu wa namna ile anaishi kwa kelele, ukimnyima masikio anakufa njaa. Wengi waliitikia kwa kichwa. Mimi nilikataa siku ile na nakataa tena hapa kwa maandishi. Kupuuza kunafaa kwa jirani mlevi anayekutukania mlangoni saa nne usiku. Hakufai kwa mtu ambaye kutukana ndiyo kazi aliyoajiriwa, ana mhariri anayemsomea kabla ya kuchapwa, na mshahara unaingia.

Kwa wasiomjua: Hopkins ni Mwingereza wa Devon, amezaliwa 1975. Alisoma chuo cha maofisa wa jeshi cha Sandhurst, kifafa kikamzuia kuwa ofisa. Watu walimfahamu 2007 kwenye kipindi cha televisheni cha The Apprentice, ambapo watu wanagombania kazi kwa tajiri. Alifika karibu na fainali akajitoa mwenyewe. Mwaka 2009 aligombea Bunge la Ulaya kama mgombea binafsi, akashindwa vibaya. Yaani wananchi walipoulizwa kwa kura kama wanamtaka, walisema hapana. Ila watu wa televisheni walikuwa wameona kitu kingine: huyu mama akifungua mdomo, hakuna anayebadilisha chaneli. Mwaka 2013 alikwenda kwenye kipindi cha asubuhi akasema watoto wenye majina fulani, majina ya watu wa hali ya chini, hawataki wacheze na wanawe. Akaongeza kwamba majina ya mahali nayo hayapendi, wakati mtoto wake mwenyewe amempa jina la nchi! Uingereza nzima ilicheka na kukasirika kwa pamoja, na mwaka huohuo gazeti la The Sun likampa safu yake.

Angalieni mpangilio. Alianza na majina ya watoto. Akaja kwa watu wanene. Kila mara lazima apatikane mtu wa kutukanwa ambaye ni dhaifu kidogo kuliko wa jana, kwa sababu msomaji akishazoea pilipili anataka kali zaidi. Ukishuka ngazi hiyo mpaka chini kabisa, unatukuta sisi.

Tarehe 17 Aprili 2015 aliandika kuhusu watu wanaovuka bahari kutoka Libya kwenda Italia. Alisema yeye asingepeleka meli za kuokoa, angepeleka meli zenye bunduki. Alisema hata mkimwonyesha majeneza na maiti zinazoelea, yeye hajali. Na akawaita wahamiaji wale mende. Usiku wa tarehe 18 kuamkia 19, siku moja tu baadaye, boti moja ilizama katika bahari hiyohiyo. HCR ilikadiria kuwa watu kama 800 walikufa. Waliookolewa ni 28. Walikuwemo Waeritrea, Wasomali, Wasyria, Wamali, Wagambia. Sisemi safu ya gazeti ilitoboa boti. Nasema gazeti lilikuwa bado liko mezani watu wanakunywa nalo chai, huku maiti zinatafutwa.

Mwezi huohuo wa Aprili 2015, Warundi walianza kukimbilia huku kwa wingi. Mliopita Kagunga mnakumbuka kuliko mimi: kijiji cha wavuvi kimebanwa kati ya mlima na ziwa, barabara hakuna, maelfu kwa maelfu ya watu wamelala ufukweni, kipindupindu kinaua. Kilichowatoa pale ni Liemba, meli kuukuu ya Wajerumani ya tangu vita vya kwanza vya dunia, ikienda na kurudi Kigoma na watu mia kadhaa kila safari. Hakuna aliyeuliza kama abiria wale ni wakimbizi wa kweli au wanatafuta maisha. Waliuliza tu nani mgonjwa apande kwanza. Basi nikisoma mtu anasema meli za kuokoa zirudishwe, mimi sioni Italia. Naona Kagunga bila Liemba.

Na hilo neno mende. Mzungu wa London anaweza kulisikia kama tusi la kawaida, kama mbwa au nguruwe. Sisi wa Maziwa Makuu tunalijua kwa jina lake lingine. Inyenzi ni neno walilopewa wapiganaji wa miaka ya 1960 waliokuwa wakivuka mpaka usiku kuingia Rwanda. Kufika 1994 neno lilikuwa limehama kwa mpiganaji likamfunika Mtutsi yeyote, mpaka mtoto wa mgongoni. Gazeti la Kangura na redio RTLM ndio walifanya kazi hiyo ya kulihamisha, siku kwa siku, na muziki mzuri katikati. Kesi ya wenye redio na gazeti hilo ilihukumiwa Arusha, tarehe 3 Desemba 2003. Watatu walikutwa na hatia, na vifungo vyao, ingawa vilipunguzwa kwenye rufaa mwaka 2007, vilibaki vya miaka 30 na zaidi. Mtangazaji mwingine wa RTLM alikuwa Mzungu, Georges Ruggiu, mwenyeji wa Ubelgiji. Alikiri na akapewa miaka 12. Kwa hiyo tusiambiane kwamba mambo haya ni ya Waafrika na redio zao.

Aliyeliona hilo mapema ni Zeid Ra'ad Al Hussein, Mjordani aliyekuwa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa. Wiki moja baada ya safu kutoka alitoa tamko, akataja Wanazi, akataja Kangura na RTLM kwa majina, na akasema jambo ambalo watu wengi wamelisahau: kwamba wahariri wa The Sun nao waliamua kuchapa, hivyo kama sheria imevunjwa nao wawajibike. Mimi hapo ndipo namheshimu. Hakumshika mwanamke mmoja akawaacha wenye duka.

Wanaomtetea wana hoja mbili. Ya kwanza, eti alimaanisha kwamba wahamiaji ni wagumu kufa, kama mende. Na kweli aliandika hivyo kwamba wanaweza kuokoka hata bomu la nyuklia. Jamani. Ukimwambia mtu ni mgumu kufa, katika ukurasa uleule unaoagiza meli za bunduki, umemsifia nini?

Hoja ya pili ni uhuru wa maneno, na hii naichukulia kwa uzito. Mtu asije kutufundisha sisi thamani ya uhuru huo. Hapa kambini wapo Warundi ambao Mei 2015 waliona redio binafsi za Bujumbura zikichomwa moto baada ya mapinduzi kushindwa. Tunajua nchi inavyokuwa kimya siku redio zimezimwa. Mimi sitaki Hopkins afungwe. Ila tuulize uhuru huo unapimwaje huko kwao, maana una bei, na bei yake haifanani kwa watu wote.

Sikilizeni hesabu hii. Mei 2015, mwezi mmoja baada ya mende, Hopkins aliandika Twitter kwamba mwandishi wa mapishi Jack Monroe anaunga mkono watu waliochafua mnara wa mashujaa wa vita. Alikuwa amemchanganya na mtu mwingine kabisa. Monroe akaenda mahakamani, na Machi 2017 jaji akaamuru Hopkins alipe pauni 24,000, ukiacha gharama za kesi ambazo zilikuwa kubwa kuliko fidia yenyewe. Baada ya The Sun alikuwa amehamia MailOnline, na huko aliandika kwamba familia moja ya Waislamu wa London, waliozuiwa uwanja wa ndege wakiwapeleka watoto Disneyland, ni watu wenye msimamo mkali. Haikuwa kweli. Desemba 2016 MailOnline ililipa familia ile pauni 150,000 na kuomba radhi. Vizuri kabisa. Walistahili.

Sasa safu ya mende. Watu walipeleka malalamiko kwa mamia IPSO, chombo kinachosimamia magazeti ya Uingereza. Malalamiko ya ubaguzi yakakataliwa. Sababu? Kanuni zao za ubaguzi zinamlinda mtu mmoja anayetajwa, hazilindi kundi. Ukimwita fulani mwana wa fulani mende, una kesi. Ukiwaita watu laki moja mende kwa mpigo, huna kesi. Hiyo ndiyo bei ninayoisema. Kosa la kumchanganya mtu mmoja na mwingine ni pauni 24,000, na kosa la kuwachanganya maelfu ya watu na wadudu ni sifuri.

Na msidhani alianguka kwa ajili yetu. Kituo cha redio cha LBC kiliachana naye Mei 2017, baada ya bomu la Manchester lililoua watu 22, alipoandika kwamba linatakiwa suluhisho la mwisho, maneno ya Hitler kuhusu Wayahudi. Alifuta akabadilisha neno moja, lakini watu walishaona. MailOnline nao waliachana naye mwaka huohuo. Twitter ilimfungia 2020 akiwa na wafuasi zaidi ya milioni moja. Julai 2021 Australia ilimfutia viza ikamrudisha kwao kwa sababu alijigamba kuvunja masharti ya karantini ya korona, na hapo nilicheka kidogo, nisiwafiche: nchi iliyokuwa inawafungia watafuta hifadhi kisiwani Nauru imempakia ndege mtu aliyekuwa anaisifia kwa ukali huo. Yeye alirudi nyumbani. Leo anazunguka kumbi za Uingereza akiuza tiketi za vichekesho.

Kwa hiyo ushauri wa kupuuza umeshajaribiwa. Wenye vyombo walimtema alipowagharimu, si alipotuumiza. Lugha yake haikuondoka naye. Aprili 2022, miaka saba baadaye, serikali ya Uingereza ilitia saini mkataba wa kuwapeleka watafuta hifadhi Rwanda, na Oktoba mwaka ule waziri wa mambo ya ndani, Suella Braverman, alisimama bungeni akaita boti zinazovuka kutoka Ufaransa uvamizi. Mkataba ulikuja kukataliwa na Mahakama Kuu ya Juu 2023 na kufutwa 2024. Sisemi Hopkins aliuandika. Ila mtu akishaandika bunduki gazetini na asilipe hata senti, waziri anayesema uvamizi anaonekana mstaarabu.

Kabla hatujamaliza na Waingereza, turudi kwenye foleni ya bomba. Warundi walipojaa hapa 2015 na maji yakapungua, majina ya wadudu yalisikika kwa Kiswahili chetu safi cha Kivu, na wala hakuna mhariri aliyelipwa. Leo posho ikikatwa, wa kwanza kulaumiwa ni zoni nyingine. Nimekaa na vijana wanaojua historia ya Kangura kwa tarehe, halafu wakitoka nje wanasema "wale watu". Wale watu akina nani? Nani kakuibia shitingi, mtaje. Kama humjui, basi huna kesi, una chuki tu.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, nawaheshimu, wengine mmenilipia daftari. Lakini mkitoa ripoti sisi ni wimbi, ni mzigo kwa jamii wenyeji, ni idadi ya wanufaika. Kwenye picha ni mama mmoja na mtoto mmoja, chini yake imeandikwa "mkimbizi, Nyarugusu", na aliyepiga picha ana jina lake pembeni kabisa, kwa herufi ndogo lakini lipo. Najua jibu lenu: ulinzi, usalama wa data. Ni kweli kuna watu ambao jina likitoka, ndugu waliobaki nyumbani watapata shida. Mimi mwenyewe ninao vijana wa hivyo na siwezi kuwaandika popote. Lakini kuna tofauti kati ya jina lililofichwa kwa sababu mwenyewe kaomba, na jina ambalo hakuna aliyeliuliza. Sheria za magazeti ya Uingereza zinamlinda anayetajwa. Mnapotupeleka huko bila majina, mnatupeleka bila kinga.

Mwezi ujao mtakuja na kamera kwa ajili ya Siku ya Wakimbizi, kama kila mwaka. Vijana wangu wa ngoma watakuwa 22. Nimeshawauliza mmoja mmoja: 17 wanataka jina kamili liandikwe chini ya picha, 3 wanataka jina la kwanza tu, 2 hawataki kupigwa picha kabisa na watakaa nyuma ya wapiga ngoma. Orodha ninayo mimi, kituoni, mkifika niulizeni kabla hamjafungua kamera.